Pikapu Ndogo na Kadi ya Kasuku

6 Februari

Mjomba wangu, shikamoo.

Ukiitikia, usiitikie kwa ile sauti ya gereji, mkaza mjomba akadhani kuna moto. Andika tu marahaba, nitaisikia huku.

Sisi tu wazima. Goti la Mama limekubali baada ya ule upasuaji. Anakwenda sokoni na kurudi kwa miguu yake, na akirudi anakagua jiko langu kama ametumwa na serikali. Mwanangu ameota meno mawili na ameshayajaribu kwenye kidole changu. Mama anasema masikio yako hayana ugonjwa wowote, ni kiburi tu cha kukataa simu. Nimemwambia miaka thelathini ya kugonga chuma si mchezo. Na ujumbe wa simu najua huuwezi, kidole chako kimoja kinabonyeza herufi tatu kwa mpigo. Basi tuendelee na barua. Dereva wa basi anayezibeba ameshatuzoea.

Sasa nikupe habari yenyewe. Zile pikapu ndogo nilizokuambia zimefika, na sijapata kuona kitu kinachouzika namna hii. Miaka sita nimeuza zile kubwa, ambazo mteja anahitaji kigoda ili apande, na akitoka kituo cha mafuta anatoka ameinamisha kichwa. Bei zake zimepanda mpaka mwenye duka la kawaida akipita shorumu anageuza uso. Halafu kikaja hiki kigari. Kifupi, milango miwili, nyuma bodi wazi, madirisha unazungusha kwa mkono. Bei yake ni kama pikipiki tano. Watu wanakizunguka, wanapiga bodi kwa kiganja, wanacheka peke yao. Muuza maziwa, fundi bomba, mama wa mkaa, mwalimu anayefuga kuku, wote ni wateja wangu. Jana mwanamke mmoja alikuja na futi yake, akapima nyuma, akasema, "Vitanda vyangu viwili vinalala hapa." Akalipa palepale. Mimi ninawaambia maneno machache tu: Jumatatu linabeba mzigo, Jumapili linabeba familia, na likiharibika linafunguliwa kwa spana nne.

Shida ni moja. Ndani ya mlango kuna kibandiko kinachosema gari hili linabeba kilo mia saba, dereva akiwa ndani. Mteja akikisoma, uso unapoa. Wa kutoka upande wenu ndio wabishi zaidi, maana wao mizigo yao ni mchanga, mbao na matofali. Wiki iliyopita nikapata wazo. Nyuma ya kadi yangu ya kazini nikaandika: "Mwone Nyundo, fundi wa springi. Itabeba mara mbili. Kasuku." Nikamkabidhi mteja, akakubali kama aliyepewa dawa. Mimi ninauza, wewe unaongeza springi, mteja anapata gari kubwa kwa bei ya gari dogo. Unaonaje?

Mpwa wako,
Kasuku

25 Februari

MARAHABA.

Nimeandika kwa herufi kubwa ili mama yako ajue ninasikia.

Mkaza mjomba wako hajambo, anauliza kitambaa ulichomwahidi. Paa la jikoni lilivuja, nimeliziba. Jirani amefuga jogoo asiyejua saa, lakini mimi hainihusu, wanaoteseka ni wenye masikio.

Kadi zako nimeziona. Kufikia leo wameshakuja saba. Wanashuka kwenye vigari vyao vipya wakiwa wameishika kadi kama cheti cha kuzaliwa. Ni vigari vizuri, sikatai. Vimetengenezwa na mtu mwenye akili, hana mbwembwe. Ninachofanya unakijua tangu ukiwa mdogo unanishikia tochi: ninafungua zile springi za nyuma, mabamba yale yaliyopangwa moja juu ya jingine, ninaongeza mawili kila upande, ninakaza. Na kila bamba langu ninalipiga nukta tatu kwa patasi kabla ya kulifunga. Mtu akilikuta popote ajue ni la Nyundo, asije akamlaumu fundi mwingine.

Lakini kuna jambo linanikera. Springi ninaongeza, breki siongezi. Breki za hicho kigari ni ndogo, mfano wa sahani ya kikombe cha chai. Kwenye tambarare hakuna neno. Kwetu huku ni milima, unaujua ule wa zahanati ulivyosimama. Wateja ninawaambia washuke kwa gia ndogo, wanaitikia kwa kichwa huku macho yakiwa kwenye bodi. Wewe unayeandika, usiandike "mara mbili." Andika "itabeba zaidi." Inatosha.

Mzee mmoja anayechoma matofali, tunamwita Tanuri, anakuja huko wiki ijayo kununua. Ni mtu wangu. Mpokee vizuri.

Mjomba wako,
Nyundo

17 Machi

Mjomba, shikamoo.

Kitambaa kimo ndani ya kifurushi hiki, cha bluu, kile cha njano kiliisha. Mama anasema asante kwa herufi kubwa, amezisoma bila miwani. Mtoto anatambaa, na kila kilichopo chini ni chakula.

Tanuri wako nimempokea. Mtu wa watu yule. Alikuja na mkewe, wamevaa kama wanakwenda harusini. Mkewe aliingia ndani ya gari, akafunga mlango, akakaa. Nikamwambia, mama, tumalize karatasi kwanza. Akaniambia, "Mwanangu, nimesukuma mkokoteni wa matofali miaka kumi na mmoja. Hapa sishuki." Nilicheka mpaka machozi, kisha nikaona na yeye anayo ya kwake, wala hacheki. Tanuri aliniuliza mara tatu: "Matofali mia tano linabeba?" Mara ya tatu nikampa kadi.

Hilo la "zaidi" nimelifikiria. Ukimwambia mteja zaidi, atauliza zaidi kiasi gani, na hapo ndipo unapompoteza. Mara mbili ni neno linaloshikika. Breki ni juu ya dereva, Mjomba. Hata panga linauzwa bila kumfuata mnunuzi nyumbani.

Kubwa zaidi, picha yangu imetundikwa ukutani kama muuzaji bora wa robo mwaka. Bosi anasema tawi jipya likifunguliwa, msimamizi anaweza kuwa mimi. Mama ameiomba hiyo picha aitundike sebuleni. Nimemwambia asubiri tupate kubwa zaidi.

Kasuku

2 Juni

Marahaba mpwa wangu.

Samahani kwa kuchelewa. Mvua zilikuwa nyingi na mkono wa kulia unaniuma. Mkaza mjomba wako hajambo. Kitambaa kilifika.

Kazi ni kidogo siku hizi. Kuongeza springi nimeacha kwa muda. Tanuri hayupo kazini.

Zile kadi bado unaziandika? Acha.

Msalimu dada yangu. Mwambie asihangaike na goti.

Nyundo

11 Juni

Mjomba, shikamoo.

Mama hajambo, mtoto hajambo, mimi sijambo. Sasa nijibu, maana wewe hujui kusema uongo, hata kwa kalamu. Miezi miwili na nusu unakaa kimya, kisha unaniletea mkono na mvua?

Juzi alikuja mteja kutoka huko kwenu. Nilipoanza kumsifia gari akanikatiza, akasema ndilo hilihili lililoshuka mlima wa zahanati likiwa na matofali, likapitia kona na kuingia kwenye kibaraza cha fundi cherehani. Akaondoka bila kununua. Je, lilikuwa la Tanuri?

Bosi ametuita sote. Amesema mkaguzi wa magari ameandika barua akiuliza gari liliuzwa kwa maelezo gani. Amesema yeyote aliyemwahidi mteja uzito zaidi ya ule wa kwenye kibandiko atafukuzwa siku hiyohiyo, na kama kuna kesi ataibeba mwenyewe. Alizungumza akituangalia mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya picha yangu.

Mjomba, Tanuri aliiweka wapi ile kadi? Wateja wengi huiacha kwenye kile kisanduku cha mbele, pamoja na kitabu cha gari. Nijibu upesi. Hata mstari mmoja.

Kasuku

30 Juni

Marahaba.

Mkaza mjomba wako ananisihi nikuandikie vizuri, nisikufokee. Nitajaribu.

Ndiyo, lilikuwa la Tanuri. Ilikuwa tarehe tisa Aprili, saa nne asubuhi. Alipakia matofali mia tano, kama alivyokuuliza wewe na kama alivyoniuliza mimi. Safari kumi na nane kabla ya hiyo alikuwa ameshuka salama. Siku ile breki zilichemka katikati ya mlima, zikatoa moshi, zikaisha. Alipiga honi mpaka chini. Watu waliruka. Fundi cherehani alikuwa ameketi mashineni, mguu uko kwenye kanyagio, akashindwa kuruka.

Waliniita mimi nije na jeki, maana pale mtaani jeki kubwa ni yangu. Nililiinua gari. Walipomtoa yule mama fundi nilibaki chini ya bodi kwa muda, nikaangalia springi. Hazikuvunjika, Kasuku. Hata bamba moja halikupinda, nukta zangu tatu zinasomeka kama nilizipiga jana. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Zilibeba. Zisingebeba, gari lingekaa chini palepale kwenye tanuri na tungecheka.

Umeniuliza kadi iko wapi. Kabla askari hawajafika nilifungua kile kisanduku nikaitoa, nikaitia mfukoni mwa shati. Iko salama.

Lakini nimeisoma barua yako mara nne, nikidhani labda ni macho nayo yameanza kunikataa. Umeuliza gari ni la nani. Umeuliza kadi iko wapi. Hukuuliza fundi cherehani yuko wapi. Basi nikuambie. Yuko kwa dada yake, amekatwa mguu wa kulia juu ya goti. Alikuwa anashonea sare za shule mtaa mzima. Gauni lako la darasa la kwanza ndiye aliyelishona, ukalia kwamba mikono ni mirefu, akaikunja akakupa peremende.

Na Tanuri yuko mahabusu. Anashtakiwa kwa kuendesha kwa uzembe. Ameandika maelezo kwamba alikosea gia, basi. Hakukutaja wewe, hakunitaja mimi. Nilikwenda kumwona wakanikatalia. Mkewe akaniletea ujumbe: "Nyundo asihangaike. Masikio yake mabovu, mahakamani watamchanganya bure." Ameanza tena kusukuma mkokoteni, yule mama.

Kesi itasikilizwa tarehe ishirini na mbili Julai.

Mjomba wako

8 Julai

Mjomba, shikamoo.

Sijui nianze wapi. Nimeona aibu. Niliposoma habari ya gauni nilikwenda kukaa bafuni, nikafungua maji ili Mama asinisikie. Mama hajui chochote. Kila siku ananiuliza mbona sili, namwambia ni kazi.

Nakiri nilikuwa nawaza nafsi yangu. Sasa nakuomba uniwazie na wewe kidogo. Nikifukuzwa hapa, Mama na mtoto wanamtegemea nani? Na wewe ukienda kusema, watafunga gereji yako, na kwa umri huo utaanza kazi gani? Tanuri ameshasema mwenyewe kwamba alikosea gia. Ni kosa la kwanza, huenda hakimu akamhurumia. Tunaweza kumtafutia wakili. Tunaweza kumsaidia yule fundi cherehani kimyakimya, hata mashine ya kushonea ya umeme, ile isiyohitaji mguu. Tunaweza kufanya mengi tukiwa na kazi zetu kuliko tukiwa hatuna.

Ile kadi ichane, Mjomba. Nimeifuta sentensi hii mara mbili, na mara mbili nimeiandika tena. Ichane.

Kasuku

15 Julai

Marahaba mpwa wangu.

Hatujambo. Jogoo wa jirani amechinjwa, sasa mkaza mjomba wako analala.

Juzi nilifungua springi za pikapu ya Tanuri pale kituoni. Mkaguzi ndiye aliyeniomba, bila kujua anamwomba nani. Nilipomaliza nikayaweka mabamba manne mezani kwake, nikatoa patasi yangu nikaipachika kwenye nukta. Ikaingia sawasawa. Aliniuliza jambo, sikulisikia. Akaja sikioni akapaza sauti: "Ni ya kwako?" Nikamwambia ni yangu, na mdomo uliomwambia Tanuri kwamba matofali mia tano yanakwenda ni wangu pia. Niliandika maelezo kurasa mbili. Mkono haukuuma hata kidogo.

Gereji wameifunga jana. Wamebandika karatasi mlangoni. Watu wanapita wanaisoma halafu wananiangalia, mimi nimekaa hapo nje kwenye pipa la mafuta, kwa sababu sijui mahali pengine pa kukaa asubuhi. Tanuri ameruhusiwa dhamana. Alikuja akaketi karibu nami. Hata angesema neno nisingesikia.

Tarehe ishirini na mbili nitasimama mbele ya hakimu. Watauliza wale wateja walijuaje kuja kwangu, nani alikuwa anawatuma. Nitasema sisikii vizuri. Watarudia, nitasema sisikii. Kwa mara ya kwanza masikio haya yatamfaa mtu.

Kadi yako imo ndani ya bahasha hii. Sikuichana. Mimi ndiye niliyekushika mkono ukijifunza kuandika, pale kwenye benchi la gereji, kwa chaki, juu ya bamba la chuma. K yako bado inaegemea kushoto kama nilivyokufundisha vibaya. Mwandiko huo sina mkono wa kuuchana. Kama ni wa kuchanwa, uchane mwenyewe.

Mjomba wako,
Nyundo

19 Julai

Mjomba, shikamoo.

Barua hii inaondoka na basi la leo. Mimi nafuata na la keshokutwa asubuhi, jioni nitakuwa kwenu. Mwambie mkaza mjomba asisumbuke kupika sana.

Kadi imo mkobani, nzima. Nimeisoma na kuisoma. Maneno tisa tu, na yote nilikuwa nayajua maana yake nilipoyaandika.

Nimemwambia Mama. Nilidhani atalia au atanisema. Alikunja nguo zote zilizokuwa kitandani, kisha akauliza, "Yule mama cherehani yake aliikanyaga kwa mguu upi?" Nikasema wa kulia. Akasema, "Twende wote." Kwa hiyo tunakuja watatu, na goti lake, na mtoto. Tutapitia kwa fundi cherehani kwanza, kabla ya kwako. Sijui nitamwambia nini. Nitasema mimi ndiye yule wa mikono mirefu.

Bosi nilimwambia jana asubuhi, kabla hajakaa. Aliniambia nimalize siku, kisha nirudishe ufunguo. Picha nimeishusha mwenyewe.

Mbele ya hakimu, Mjomba, usiseme husikii. Nitasimama upande wa sikio lako la kushoto, lile lenye nafuu, na akiuliza nani alikuwa anawatuma nitajibu mimi. Patasi yako wameshaiona. Na mwandiko wangu wauone.

Nikuambie jambo moja la mwisho, maana silimezi wala silitemi tangu jana. Mchana, nikiwa nahesabu saa za kutoka, aliingia mwanamume mmoja anayeuza vifaranga. Akazunguka kile kigari, akapiga bodi kwa kiganja, akaniuliza linabeba kiasi gani. Sikuwa na la kupoteza. Nikafungua mlango nikamsomea kibandiko neno kwa neno: kilo mia saba. Akauliza, "Na mimi nikiwa ndani?" Nikasema, na wewe ukiwa ndani, na usizidishe hata tofali. Akafikiri kidogo, akatazama ile bei, akaangalia nyuma kama anapanga makasha yake.

Akanunua, Mjomba. Hakuniuliza swali la tatu.

Mpwa wako,
Kasuku